Nitalifikiria, Alisema Mama Mitsuyo

Mheshimiwa kasisi, wazee wa ukoo wa Kuranuki na wa ukoo wa Hirooka, majirani wa mtaa wetu, waongoza wageni wenzake marehemu, ndugu na marafiki mliokuja na mvua hii ya Machi ikiwanyeshea, kwa niaba ya familia nawaomba mniazime masikio, niwasomee safari ya mama yetu mpendwa, Mama Mitsuyo Kuranuki, tangu alipozaliwa hadi alipotutoka. Anayewasomea ni Daigo Narita, mume wa Orie, mtoto pekee wa marehemu, mtu wa Akita, kule kaskazini kwenye theluji, ambaye miaka yote marehemu alimwita Mtu wa Theluji, na kama lafudhi yake itawakera, jueni kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua, akisema kuwa mtu wa Kyoto akisoma habari hizi atazifunika kwa adabu mpaka asibaki mtu wa kuagwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, katika mtaa wa wafumaji wa Nishijin, hapa Kyoto, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Mzee Yoshimatsu Hirooka, mfumaji wa mishipi ya kimono, na Mama Tomeko, na inasemekana mtambo wa baba yake haukusimama hata wakati mama alipokuwa katika uchungu, kwa maana mshipi uliokuwa mtamboni ulikuwa wa arusi ya watu, na arusi ya watu haingoji mtoto wa mfumaji.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, akaendelea na sekondari ya wasichana aliyoimaliza Machi 1966, kisha akasoma lugha ya Kiingereza katika chuo cha miaka miwili hapa hapa mjini, akahitimu Machi 1968. Hata hivyo elimu iliyomkaa zaidi aliipata nyumbani kwa mama yake, nayo ni elimu ya kukataa bila kukataa, kwa sababu kwa watu wa zamani wa mji huu neno hapana lilikuwa kama kumwagia mtu maji ya vyombo usoni. Marehemu alipenda kutusimulia jinsi jirani mmoja alivyomwambia mama yake, "Mama Hirooka, mtambo wenu siku hizi unaimba vizuri, hata usiku tunausikia," na mama akacheka, akashukuru, akaingia ndani na kumwambia mumewe, "Tunatukanwa. Tandika gunia chini ya mtambo." Huko ndiko alikofundishwa kwamba anayekuomba jambo usilolitaka humwambii hapana, unamwambia, "Nitalifikiria," na mwenye akili anaelewa, anashukuru, anakwenda zake, na urafiki unabaki salama. Mkwe wake, alipokuja mara ya kwanza mwaka 1997 kuomba kumuoa Orie, alijibiwa neno hilo hilo, na kwa kuwa kwao Akita mtu akisema atafikiria anakwenda kufikiria, alirudi wiki iliyofuata kwa furaha kuchukua jibu, akarudi tena na tena, mpaka marehemu akachoka akasema, "Orie, huyu hafukuziki. Mchukue tu."

Kuhusu kazi, marehemu alianza mwaka 1968 kama karani katika duka la jumla la vipepeo vya kukunja, vile vya kujipepea, na hapo ndipo alipokutana na fundi kijana aliyekuwa akileta vipepeo vyake dukani, Tatsuhei Kuranuki, wakafunga ndoa tarehe 14 Novemba 1971, na tarehe 3 Juni 1973 Mungu na mizimu ya pande zote mbili wakawajalia binti, Orie. Baba Tatsuhei alikuwa mtu wa kukaa, gundi na karatasi vikimtosha maisha yake yote, lakini mkewe miguu yake haikutulia, na ni yeye Baba aliyemwambia, "Wewe unazunguka mahekalu kila siku ukirudi sokoni, si bora ulipwe?" Marehemu akaingia mtihani wa serikali wa waongoza wageni, akaanguka mara mbili, akafaulu mwaka 1985, na tangu hapo hadi magoti yalipomshinda akawa anatembeza wageni kwa miguu.

Wenzake mliopo hapa mnaijua kazi yake kuliko sisi. Hakupenda makundi, hakuwahi kushika kibendera wala kipaza sauti, alichukua mgeni mmoja au mke na mume au familia moja, akatembea nao siku nzima, akiwafundisha kuvuka kizingiti bila kukikanyaga, kunawa mkono wa kushoto kabla ya wa kulia, kupiga makofi mawili mbele ya miungu ya Kishinto na kunyamaza mbele ya Budha, na kama mgeni alipiga makofi mbele ya Budha, marehemu alisema polepole, "Leo amefurahi, hapigiwi makofi mara nyingi." Wageni walimpenda. Baba Tatsuhei alipofariki mwaka 1994 kazi hiyo ndiyo iliyomshikilia asianguke, na alitembea zaidi kuliko mwanzo.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya wazee wetu, kwa nia njema, walituomba tupitie haraka. Marehemu alisema, "Mkisoma maisha yangu, pale msiruke." Hatutaruka.

Mwezi Novemba 1999, majani ya miti ya milimani yakiwa mekundu, alipata mgeni wa siku tatu, Mama Kinue Minobe, wa Marília, Brazili, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mtoto wa wahamiaji, aliyezaliwa katika shamba la kahawa na kukulia miongoni mwa watu wa Kumamoto na Okinawa na Hokkaido waliotupwa pamoja huko ng'ambo, wakazungumza Kijapani kilichonyooka kama mpini wa jembe, maana shambani hapakuwa na nafasi ya mafumbo. Baba yake alikuwa mtia rangi vitambaa hapa Kyoto, alipanda meli Kobe mwaka 1933 akiwa na mke na mtoto wake wa kiume wa miaka mitano, Noboru, akamwahidi mama yake aliyebaki bandarini kwamba baada ya miaka mitano watarudi, na hawakurudi, mama akafa, akazikwa na binamu, na binamu naye akawa amekwisha kufa. Kinue, aliyezaliwa huko huko, alikuwa na jina tu la hekalu alikozikwa bibi yake, alilolisikia kinywani mwa baba yake, na hilo hekalu ni dogo, halimo katika vitabu vya wageni.

Siku mbili za kwanza walitembea kama wageni wote wanavyotembea, wakapanda ngazi za mawe za Higashiyama, wakapita chini ya malango mekundu ya Fushimi, wakala tofu ya moto, na Mama Kinue alichoka bila kulalamika, akisema, "Mdogo wangu, wewe tangulia tu, miguu hii ni ya shamba, inafika." Jioni marehemu alimwacha hotelini, akaenda peke yake kuuliza katika mitaa ya watia rangi wa zamani, mlango kwa mlango, mpaka akalipata hekalu, na siku ya tatu akampeleka. Tunalisema hili kwa sababu ni kweli pia, kwamba kaburi la bibi yule lilipatikana kwa miguu ya marehemu.

Mama Kinue alilikumbatia jiwe, akalisugua kwa kitambaa chake cha kichwani, akalimwagia maji kwa kata ya hekalu, akawasha vijiti vya ubani, akaongea nalo habari za watu sabini tusiowajua. Kisha akageuka, uso umelowa, akasema, "Mdogo wangu, wewe unapita huku na wageni wako. Ukipita, mmwagie bibi yangu maji kidogo. Mwambie tu mwanawe hakumsahau. Na hekalu likitaka neno lolote, unipigie simu. Utanifanyia?"

Marehemu alituambia kwamba moyo wake ulisema hapana papo hapo, si kwa ubaya, ila mwongoza wageni akianza kubeba wafu wa wageni wake atakuwa na mochari nyumbani, na tena hapa kwetu huwamwagii maji wafu wa watu ovyo ovyo, wakikuzoea watakufuata. Basi akainama kama alivyolelewa, akasema, "Nitalifikiria." Mama Kinue akamshika mikono yote miwili, akalia, akasema asante, asante, asante. Marehemu akaona jinsi mama yule alivyo mwerevu, amekataliwa na bado anashukuru, akampeleka kituo cha treni na moyo mweupe.

Tarehe mosi Januari 2000, familia ikiwa mezani na supu ya mwaka mpya, simu ililia kutoka Brazili, na sauti ikauliza, "Mdogo wangu, heri ya mwaka! Bibi hajambo?" Marehemu alikaa na vijiti vya kulia chakula mkononi, ndipo akaelewa. Angeweza kusema wakati ule. Badala yake alijibu jibu ambalo kila mtu wa hapa hulitoa akiulizwa habari, jibu lisilo ndiyo wala hapana, "Kwa baraka zenu," na upande wa pili akasikika Mama Kinue akimtafsiria nduguye Noboru kwa furaha, "Kaka, bibi hajambo!" Simu ilipokatwa, marehemu alisema kwa hasira, "Yule mama hajui Kijapani." Orie akamjibu, "Anakijua, Mama. Wewe ndiye hukusema." Baada ya siku chache ikaja pakiti ya kahawa.

Akapanga kwenda wiki ile, ikawa na wageni, akapanga wiki iliyofuata, akaona haya kwenda amechelewa, na kadiri alivyochelewa ndivyo haya ilivyoongezeka, ninyi nyote mnajua jinsi deni la aina hiyo linavyozaa. Kila mwaka mpya simu ililia, bibi hajambo, kwa baraka zenu, na kahawa ikafuata, na marehemu hakuionja hata siku moja, aliipanga kabatini nyuma ya vyungu vya kachumbari.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2003 alikuwa akiwapitisha wageni wawili, mke na mume, njia ya mkato nyuma ya hekalu lile, na kwa sababu alikuwa nao hakuweza kugeuza uso. Kwenye jiwe la bibi palining'inizwa kibao. Ninyi mnajua vibao vile, kwamba mwenye kaburi hili afike ofisini ndani ya mwaka mmoja, asipofika kaburi litaondolewa na mifupa kupelekwa kwenye kaburi la pamoja la wasio na wenyewe. Mgeni akanyoosha kidole, akauliza kimeandikwa nini, na marehemu, aliyefaulu mtihani wa serikali, aliyejivunia kutafsiri hata yale maandishi ya watawa ambayo watawa wenyewe wamesahau kuyasoma, alitabasamu akasema, "Kinasema, tafadhali msikanyage." Wale wageni wakarudi nyuma hatua moja kwa heshima, wakainama. Marehemu alisema kuinama kwao ndiko kulikomchoma kuliko yote.

Bado alikuwa na mwaka mzima. Kilichohitajika ni kwenda ofisini au kupiga simu Brazili, na katika simu angelazimika kusema kwamba hajawahi kumwaga hata tone, na hilo lilimshinda. Mwaka 2004 alipopita tena, mahali pale palikuwa na changarawe mpya, nyeupe, iliyosawazishwa kwa reki.

Sisi nyumbani hatukujua habari za kibao wala za changarawe. Tulijua siku mkwe wake alipotafuta kiburudisho asubuhi moja, akakuta mapakiti nyuma ya vyungu, akafungua moja, akapika, nyumba nzima ikanukia, na marehemu akatoka chumbani, akanusa, akakaa sakafuni pale pale mlangoni na kulia. Mkwe akadhani ameua mtu, akasema, "Mama, nitanunua nyingine!" Marehemu akasema, "Kunywa, mwanangu. Wewe angalau hukuahidi kitu." Ndipo akatueleza yote, na mkwe wake, kwa ufundi wake wote wa kusema mambo yalivyo, alimwambia, "Basi mpigie." Naye akajibu, mnajua alivyojibu.

Mwezi Februari 2009 Mama Kinue alipiga simu mwaka mpya ukiwa umeshapita, si kawaida yake. Noboru, kaka yake, yule mtoto wa miaka mitano aliyelelewa na bibi hadi siku ya meli, alikuwa amefariki, na kabla ya kufa alisema hataki kuzikwa Marília, "kwa kuwa kule Kyoto kuna mtu anammwagia bibi maji, kaburi liko hai, nipelekeni nikalale pembeni yake." Mama Kinue akasema, "Ninakuja naye mwezi wa kumi. Mwambie bibi atandike." Marehemu akasema kwa baraka zenu, akaweka simu chini, na siku tatu hakula kitu cha maana.

Kabla ya mgeni kufika alijikaza akaenda ofisini kwa hekalu, mara ya kwanza katika miaka kumi, akauliza kama mifupa ya bibi Minobe inaweza kutambuliwa. Kasisi akamwambia kwa upole kwamba imo ndani ya kilima cha wasio na wenyewe pamoja na ya wengine, haitenganishiki. Akaongeza, "Mama, kibao kilikaa mwaka mzima." Marehemu akasema, "Nilikisoma."

Tarehe 17 Oktoba 2009 marehemu alimpokea Mama Kinue hotelini, mzee sasa, na fimbo, na kichungu cheupe chenye majivu ya Noboru kimefungwa kwa kitambaa kifuani. Mpango ulikuwa kwenda moja kwa moja. Lakini marehemu, mguu wake mwenyewe ukimsaliti, alikunja kushoto badala ya kulia, akampeleka kwanza hekalu kubwa la mtaa wa juu, akamweleza nguzo, akamweleza dari, akamweleza joka lililochorwa darini na nani aliombwa kulichora akakataa, akamnywesha chai, akampeleka kwenye lango la Kishinto akamwonyesha mbweha wa mawe na kwa nini mmoja ana ufunguo mdomoni. Hajawahi kuongoza vizuri kama siku ile, alituambia, maneno yalimtoka kama maji, na kila neno lilikuwa la kuchelewesha. Alasiri, Mama Kinue alisimama katikati ya ngazi, akaegemea fimbo, akasema, "Mdogo wangu, leo unanizungusha. Bibi ana nini?"

Akampeleka. Walisimama mbele ya changarawe. Marehemu alimweleza yote kwa maneno yaliyonyooka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, neno lenyewe na maana yake hapa, simu, kibao, na alichowaambia wale wageni wawili, hakuficha hata hilo. Mama Kinue alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akasema, "Ulisema utalifikiria."

"Ndiyo."

"Na ulilifikiria?"

"Kila siku. Miaka kumi."

"Basi hukunidanganya," alisema Mama Kinue, "ulifikiria tu," na marehemu alisema angependa kupigwa fimbo kuliko kusikia maneno yale.

Wakaenda kwenye kilima cha wasio na wenyewe, mawe madogo yamepangwa ngazi kwa ngazi, majina yamekwisha kufutika. Mama Kinue akauliza, "Yumo humu?" Kasisi akasema yumo. Akakishika kichungu kwa muda mrefu, akasema, "Kaka alikuwa mtoto wa miaka mitano alipomwacha. Atamtafuta mwenyewe, ataijua harufu yake." Ibada ikasomwa, Noboru Minobe akaingia humo. Mama Kinue akajaza ndoo mwenyewe, akamwaga maji mwenyewe, na marehemu aliponyoosha mkono kumpokea ndoo hakumpa.

Kituoni, marehemu alipiga magoti mbele ya watu, kimono chake kizuri sakafuni, akaomba msamaha. Mama Kinue alimwinua kwa mkono mmoja, akamtazama usoni, akasema kwa Kijapani safi, "Nitalifikiria," akapanda treni.

Ndugu waombolezaji, marehemu alirudi nyumbani na neno hilo, na hakulitua tena. Kama lilisemwa kwa Kimarília, basi ni ahadi, mama yule anafikiria kweli, ipo siku atajibu. Kama lilisemwa kwa lugha ya hapa, aliyofundishwa na marehemu mwenyewe saa chache kabla, basi ni hapana, na mlango ulifungwa siku ile ile. Kila tarehe mosi Januari alikaa kando ya simu tangu asubuhi, hakwenda kuomba kwenye mahekalu kama watu wengine, supu tulimletea pale pale, na simu haikulia tena kutoka Brazili, wala kahawa haikuja. Mkwe wake alitaka kupiga yeye, marehemu akamkataza, akasema, "Anayesubiri msamaha hamkumbushi anayefikiria." Tulipopiga kwa siri mwaka 2015, namba haikuwa ikitumika.

Mambo mawili yalibadilika, nanyi majirani mtayashuhudia. La kwanza, marehemu akaanza kusema hapana. Mke wa mwenyekiti wa mtaa alimwomba ahifadhi ngoma ya sherehe, akajibiwa, "Hapana, nyumba yangu ni ndogo," na mtaa mzima ukadhani amepigwa kiharusi, wakamletea uji. La pili, kila mwezi alipanda kwenye kilima kile na ndoo na kata, akawamwagia maji wote waliomo, bila kuchagua, na alipokuwa na wageni hakupita tena njia ya mkato bila kuwasimamisha na kuwatafsiria vibao vilivyoning'inizwa, neno kwa neno kama vilivyoandikwa. Wageni wengine waliona ni huzuni isiyo ya lazima katika likizo, wakasema. Alifanya hivyo hadi mwaka 2019, magoti yalipokataa.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akapelekwa hospitali, akagundulika ana saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea. Alitibiwa hadi Desemba, akaomba arudi nyumbani kabla ya mwaka mpya, tukajua kwa nini, tukamtandikia kando ya simu. Haikulia.

Mwishoni mwa Februari, Orie akiwa jikoni, marehemu alimwita mkwe wake, akamwambia maneno ambayo tunayasoma kama alivyoyasema, "Mtu wa Theluji, sikia. Nikichomwa, mifupa yangu igawanyeni. Nusu pelekeni kwa Baba Tatsuhei, asije akanuna. Nusu nipelekeni kwa wasio na wenyewe. Sina haki ya kuwa na jiwe lenye jina peke yake wakati bibi yule hana. Kama Kinue hakujibu, nitakuwa pale nimsubiri. Utanifanyia?" Jambo hili ni zito, mifupa ya mtu mwenye ukoo haitupwi kwa wasio na ukoo, na mkwe si mwenye kauli, ndipo akasema, bila kujua anachosema, "Nitalifikiria, Mama."

Marehemu alifumbua macho yote mawili. Hatujawahi kuona mtu akiogopa vile. Akauliza, "Umesema kama mtu wa Kyoto, au kama mtu wa theluji?"

"Kama mtu wa theluji," akajibiwa.

"Basi fikiria," alisema, akafumba macho, na tangu hapo hakuomba kitu kingine zaidi ya maji. Alifariki tarehe 2 Machi 2023, saa nne asubuhi, nyumbani, mkononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, akiacha mtoto mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili.

Familia ilipeleka ombi hilo kwa Mzee Kamejiro, kaka yake marehemu Baba Tatsuhei na mkuu wa ukoo, naye akatusikiliza kwa heshima, akasema atalifikiria, na kwa kuwa yeye ni mtu wa hapa tulimwelewa. Kwa hiyo jana tulimrudia, tukamuuliza kwa Kiakita, ndiyo au hapana. Mzee alitazama picha ya shemeji yake, akasema, "Nyinyi watu wa kaskazini hamna adabu. Ndiyo." Mzee wetu, tunakushukuru.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu na kumwambia ukweli alipouomba, kwa muuguzi aliyekuja nyumbani kila siku hata siku za theluji, kwa majirani mliopika na kufagia lango letu kabla hatujaamka, kwa waongoza wageni wenzake mliomchukulia zamu zake, kwa kasisi wa hekalu letu na kasisi wa hekalu lile dogo aliyekubali kufungua kilima kesho. Ambaye hatukumtaja asidhani amesahaulika. Na nyote mnaopita njia ya mkato nyuma ya hekalu lile, ndoo ziko kando ya kisima, mmwageni maji kidogo, hata kama hamjui ni ya nani.

Mama Mitsuyo, Mtu wa Theluji amelifikiria, na jibu ni ndiyo. Lala sasa, Mama, ulale kwa amani.